Moyo Uliopimwa kwa Jina Langu

Mimi nina hasira za karibu, na mdomo wangu hutangulia akili. Nayasema haya mapema ili ukifika mbele usinishangae. Kazi yangu ni ushonaji: suti, sare za shule, na kupunguza suruali za watu walionunua kwa macho bila kujipima. Miezi kumi na minane kabla ya haya ninayokusimulia nilikuwa kwenye cherehani yangu, naunga ukosi wa shati, mara kifua kikanibana kama mtu amenifunga mkanda na anazidi kuuvuta. Nikaanguka na shati mkononi. Hospitalini wakasema ni mshtuko wa moyo. Nililazwa siku kumi na moja, nikatoka na mfuko wa dawa na orodha ya vitu nisivyoruhusiwa kula, kunyanyua wala kukasirikia. Hicho cha mwisho daktari alikiandika kwa kuwa hanijui.

Sikufa, lakini nilirudi nyumbani na hofu mpya. Nina watoto watatu, na kitindamimba hajaanza hata shule. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu sina haja ya kukueleza. Nyumba tunayoishi vyumba viwili havijawekwa dari. Nikifa mimi, hawa watu wataegemea wapi? Swali hilo lilikaa nami mezani na kunifuata hadi bafuni. Nikimpima mteja kiuno, namtazama yeye na kitambi chake kizuri, najiuliza kama mwenzangu huyu ana bima ya maisha. Nilifika mahali nikawa nawaonea wivu watu wenye vitambi.

Ndipo akaja dada wa bima. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, kwa sababu huwezi kukaa naye dakika tano bila kukuuliza ukifa leo itakuwaje. Alikuja kuchukua sketi za binti zake, nikaona nimuulize kwa kuzunguka. Nikamwambia nina rafiki yangu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Mtu kama huyo anaweza kupata bima ya maisha kweli? Akanijibu vizuri, bila haraka. Alisema anaweza. Aseme ukweli kwenye fomu, alete karatasi za hospitali, daktari wao amwangalie. Huenda akaambiwa asubiri miezi kadhaa waone anaendeleaje, huenda michango ikapanda kuliko ya mtu mzima wa afya, lakini mlango haujafungwa. Kisha akanitazama juu ya miwani yake na kusema rafiki yangu asiogope, awaambie tu.

Nakuapia, maneno hayo niliyasikia yote. Hakuna siku nitakayosimama nikasema sikuambiwa. Lakini niliyasikia kwa masikio ya mtu mwenye haraka. Kusubiri miezi? Nani ameniahidi hiyo miezi? Na zile karatasi zangu za hospitali, mtu wa bima akizisoma si atacheka mpaka adondoke kitini? Nikamwambia dada wa bima aniachie fomu moja, ya kwangu mimi mwenyewe, mzima kabisa. Kwenye swali la moyo nikaandika Hapana, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Ikabaki shida moja. Bima ya kiasi nilichotaka haikutolewa kwa maneno matupu. Ilikuwa lazima mwombaji akapimwe kwenye kliniki waliyoichagua wao, ikiwemo kipimo cha moyo.

Sasa hapo lazima nikueleze jambo la kazi yetu. Mafundi cherehani tuna mtindo wetu. Mteja akiwa safarini na suti inatakiwa wiki hii, analetwa ndugu yake wa umbo lile lile, anasimama mbele ya kioo, tunampima yeye, na suti inamkaa mwenyewe bila kasoro. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Nimewavalisha mabwana harusi ambao mpaka leo sijawaona kwa macho. Kwa hiyo wazo lile lilipokuja halikuja kama wizi. Lilikuja kama kazi ya kawaida, na nikalipokea hivyo hivyo.

Mdogo wangu, aliyenifuata mgongo, ana umbo langu. Kifua inchi arobaini na mbili, mabega kumi na tisa, kiuno tunapishana inchi moja, na sura watu wanatuchanganya tangu tuko shule. Yeye ni fundi wa vigae. Kazini wanamwita Pimamaji, kwa sababu hakubali sakafu ya mtu hadi aweke kile kipimo chake chenye kiputo na kulala kifudifudi kukichungulia. Alikuwa ananyanyua maboksi mawili ya vigae kwa mpigo na kupanda nayo ngazi akipiga mluzi. Ungeniuliza wakati ule moyo mzima unafananaje, ningekuonyesha yeye.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kama nina uhakika. Nilipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa akinigeuza kitandani na kuninawisha uso, kwa hiyo alijua ninachokiogopa. Nikamwambia ni jambo la nusu siku, anakwenda anarudi. Akasema sawa kaka, kama wanachotaka ni kifua, kifua ninacho.

Mke wangu hakucheka. Huyo ni mwalimu. Uongo kwake ni uongo hata ukiuvalisha suti. Alisema kama ni kwa ajili yake na watoto, basi yeye na watoto hawaitaki bima ya namna hiyo. Akaniuliza kwa nini nisijaze ukweli nikangoja kama wanavyongoja wengine. Nikamjibu kwamba mwenye kufa ni mimi, si yeye. Hayo yakaishia hapo kwa sababu mimi ndiye niliyepaza sauti.

Jumanne asubuhi mdogo wangu alivaa shati langu jeupe, akabeba kitambulisho changu chenye picha ya miaka kumi iliyopita, akakariri tarehe yangu ya kuzaliwa. Jina la baba halikuhitaji kukaririwa. Alirudi mchana akinisimulia kwa mikono: wamempima uzito, wamempima presha, wamemtoa damu, halafu wakamlaza na kumbandika vibandiko kifuani na nyaya chungu nzima, mashine ikachora milima kwenye karatasi. Alisema muuguzi aliitazama ile karatasi, akatoka nayo, akarudi na kumwambia majibu yatatumwa. Akasema nadhani hawajawahi kuona moyo wa fundi wa vigae. Tukacheka sote wawili, Mungu anisamehe.

Wiki mbili baadaye dada wa bima aliniletea bahasha iliyofungwa kwa gundi. Yaliyomo hata yeye haruhusiwi kuyaona, alisema, ni mambo ya daktari na mwombaji. Nisome vizuri halafu nimtafute. Nilimngoja apinde kona ndipo nikaifungua. Mstari wa kwanza ulinishukuru. Wa pili ulisikitika. Katika wa tatu nikaliona neno moyo, na hapo hapo damu ikanipanda. Sikuendelea. Nikaikunja ile barua mara nne, nikaitia kwenye droo ya vifungo, nikafunga kwa ufunguo.

Ngoja nikueleze niliwaza nini, maana ndipo kosa langu lilipo. Kwa miezi kumi na minane neno moyo nyumbani kwetu lilikuwa na mwenyewe mmoja, mimi. Dawa za moyo ni zangu. Chumvi imepunguzwa kwa ajili ya moyo wangu. Watoto wakipiga kelele wanaambiwa wamhurumie baba na moyo wake. Kwa hiyo barua iliposema moyo sikujiuliza ni wa nani. Nilijiuliza nani amewaambia. Mdogo wangu hawezi kuwa na moyo mbovu, basi kuna mtu amekwenda kumwaga siri yangu. Na huyo mtu nikawa nimeshamjua kabla sijafunga duka: mke wangu, aliyekuwa hataki tangu mwanzo.

Nilimwita msaliti. Nilimwambia mbele ya watoto kwamba amewauza ili yeye aonekane mwema. Alikana mara moja tu, akasema hajamwambia mtu yeyote kitu chochote, kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Mimi utulivu ule nikauchukulia kuwa ndio ushahidi. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza kupitia watoto. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba.

Jioni ile ile mdogo wangu alinipigia simu kuuliza majibu. Alikuwa amepoteza siku ya kazi kwa ajili yangu, amevaa jina langu, amewadanganya wauguzi wa watu. Ningemwambiaje kwamba yote hayo yamekwenda na maji? Niliona aibu. Mdomo ukatangulia tena. Nikamwambia mambo safi, wamekubali, amepita bila hata swali. Nikamsikia akimgeukia mkewe na kumtangazia kwamba watu wa bima wameupima moyo wake na umefaulu mtihani.

Barua ikalala kwenye droo siku thelathini na nane. Nilizihesabu baadaye, wakati ule zilikuwa siku tu, nikishona na kununa. Dada wa bima alipita mara mbili kuuliza kama nimesoma, nikajifanya nina mteja. Mara ya pili alisema kwa msisitizo nisiiache hiyo barua. Nilidhani anataka kuniuzia kitu kingine.

Katikati ya siku hizo, Jumapili moja, mdogo wangu alikuja kwetu na mkewe. Alimbeba kitindamimba wangu begani kutoka getini hadi mlangoni, hatua ishirini hazifiki, akamshusha ghafla na kushika ukuta. Jasho lilimtiririka shingoni, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Nilimwona. Mimi niliyefundishwa dalili zile na daktari, niliyezipata mwilini mwangu, mimi mwenye karatasi ya dalili hizo iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Nilimwambia bwana, umeanza kuzeeka, punguza kula. Akacheka, akasema labda ni vumbi la saruji. Mkewe akasema amemwambia mara tatu aende hospitali na hasikii. Mdogo wangu akamjibu mkewe kwamba yeye amepimwa juzi tu na watu wa bima, na watu wa bima hawaweki pesa zao kwenye moyo mbovu. Akanikonyeza. Na mimi nikamkonyeza.

Siku ya thelathini na nane ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuja dukani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu ugomvi wetu. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mtu nilichokwisha kukichora kwa chaki, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo barua," akasema. "Nataka kuona mahali walipoandika kwamba ni mimi."

Nikafungua droo kwa kisirani, nikamrushia. Aliisoma kama anavyosoma mitihani ya watoto, kidole chini ya mstari. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza upya. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, lakini uso wake ulibadilika nikayameza. Kisha akanisomea kwa sauti, polepole. Barua ilisema kipimo cha moyo alichofanyiwa mwombaji Jumanne ile kimeonyesha dalili kwamba moyo haupati damu ya kutosha. Ilisema hali hiyo mwombaji hakuitaja kwenye fomu, na huenda mwenyewe hana habari nayo. Ilimsihi amwone daktari wa moyo ndani ya siku chache, asingoje. Chini kulikuwa na namba ya kipimo na simu ya kliniki.

"Hapa hakuna aliyewaambia kitu," mke wangu akasema. "Hawa hawajui habari za ugonjwa wako hata kidogo. Sasa niambie, siku hiyo, kwenye kitanda chao, alilala nani?"

Nilikaa juu ya robota la vitambaa. Na nitakuambia jambo la aibu: nilitamani iwe kweli kwamba mke wangu alinisaliti. Nilimtazama na kutamani aseme ndiyo, nilikwenda, niliwaambia, ni mimi. Yeye alikuwa ameshaanza kufunga madirisha ya duka.

Nilimpigia mdogo wangu mara tano, hapokei. Akiwa kazini simu yake hukaa kwenye koti, koti kwenye msumari. Nikaitia barua mfukoni, nikapanda bodaboda hadi kwenye nyumba aliyokuwa akiitandika vigae, nyumba ya ghorofa moja isiyo na milango bado. Wenzake wawili walikuwa chini wakikoroga saruji, wakaniambia fundi yuko bafuni juu, amepumzika kidogo. Pimamaji apumzike saa nane mchana, na wao wanaona sawa. Nikawafokea kwa nini hawakumwita mtu. Wakaendelea kukoroga, na walikuwa na haki. Nikapanda ngazi mbili mbili, ngazi ambazo mimi mwenyewe nimekatazwa kuzipanda mbio.

Nilimkuta ameketi juu ya boksi la vigae, mgongo ukutani, anajikanda taya la kushoto. Nusu ya sakafu ilikuwa imekwisha, imenyooka kama kazi zake zote. Aliponiona alijaribu kutabasamu. Akaniambia kifua kinambana tangu asubuhi na mkono umekuwa mzito, labda aliulalia vibaya. Akasema nisijali, si moyo. Moyo si tulishaupima.

Nikapiga magoti mbele yake kwenye saruji mbichi.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Hawakukubali. Barua ilikuja kusema moyo wako unaumwa, mimi nikaifungia kwenye droo."

Niliona anarudi nyuma moyoni mwake, siku moja moja, anaokota kila mara aliposhika ukuta na kujiambia si kitu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, anipige hata na ile nyundo ya mpira iliyokuwa pembeni yake. Badala yake alivuta pumzi fupi, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo watoto wako hawana kitu?"

Hilo ndilo alilouliza. Nimejaribu kulisahau nimeshindwa.

Wale wenzake wawili walimteremsha wakiwa wamemkalisha kwenye mikono yao, tukapata teksi, tukaenda. Njia nzima nilimshika kifundo cha mkono nikimhesabia mapigo, kazi ambayo siijui, na kila nikikosea nilianza upya. Hospitalini wakampokea mbio mbio: chumba cha dharura, kitanda cha magurudumu, pazia la kijani. Mke wangu alikuwa amemwarifu mke wa mdogo wangu, naye akafika muda si mrefu. Ni msusi yule. Alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu, na kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Alinishika mkono, akanishukuru. Alisema shemeji, ni Mungu aliyekupeleka kule saa ile, mimi amekataa kunisikiliza mwezi mzima, wewe umekwenda mara moja tu akakubali. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayestahili.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, anayezungumza huku anatembea. Mkononi alikuwa na karatasi yenye ile milima. Alimwinamia mdogo wangu na kumuuliza kama amewahi kupimwa moyo kabla ya leo, popote pale. Akaeleza sababu. Anaona mabadiliko, lakini hajui yapi ni ya leo na yapi yalikuwepo, na dawa anayofikiria kumpa, ya kuyeyusha damu iliyoganda, si ya kuchezea. Inaweza kumwokoa, inaweza pia kumvujisha damu kichwani. Kipimo cha nyuma kingemsaidia kuamua.

Mdogo wangu, barakoa ya oksijeni usoni, aligeuza macho kunitazama. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Sijawahi."

Alikuwa ananilinda. Amelala pale, rangi imemtoka, anamdanganya daktari wake mwenyewe ili mimi nisije nikafungwa.

Ningependa kukuambia kwamba nilisema hapo hapo. Sikusema. Niliwaza polisi. Niliwaza dada wa bima na kazi yake. Niliwaza kibao cha duka langu na watu wanavyokinyooshea kidole, na mwanamke huyu aliyetoka kunishukuru sasa hivi, ambaye mkono wangu bado uko mkononi mwake. Daktari akaanza kugeuka aondoke. Labda nilihesabu hadi kumi. Mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo anajua kumi ni ndefu kiasi gani.

"Amewahi," nikasema. "Karibu miezi miwili iliyopita. Alipimwa kwa jina langu ili mimi nipate bima. Kipimo kilikuwa kibaya, barua ikaja, na mimi nikamwambia amefaulu. Barua hii hapa."

Daktari hakuniuliza zaidi. Aliinyakua, akaisoma akitembea, nikamsikia nyuma ya pazia akiwapigia simu watu wa kliniki na kuwataka wampigie picha ile karatasi na kumtumia sasa hivi, si baadaye. Mdogo wangu alifumba macho. Mkewe aliuachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuachia tu, kisha akajipangusa kiganja kwenye aproni yake ya kazi.

Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, yeye mwanzo wa benchi na mimi mwisho. Mke wangu alipofika alikaa upande wake, si upande wangu, na sikumlaumu. Kisha mke wa mdogo wangu akaniuliza, bila kunigeukia, siku ile ya Jumapili alipolalamika mbele yangu kwamba mumewe hataki kwenda hospitali, hiyo barua nilikuwa nayo tayari? Nikasema nilikuwa nayo. Nikataka kumweleza kwamba sikuwa nimeisoma hadi mwisho, kwamba nilidhani ni moyo wangu unaozungumziwa, kwamba sikujua. Maneno yakafika kooni, nikayasikia yalivyo mepesi. Ningeyasema yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia mtu.

Daktari alitoka baada ya saa nzima na ushee. Alisema picha ya kliniki ilifika na ilimsaidia kuamua, dawa wamempa, kifua kimeachia. Yuko hai. Lakini sehemu ya msuli wa moyo imekufa na haitarudi, kwa hiyo kazi ya kubeba mizigo na kuinama kutwa aisahau. Mke wa mdogo wangu akauliza kama angeletwa siku barua ilipofika ingekuwaje. Daktari alinitazama kidogo kabla ya kumjibu. Akasema yeye si Mungu, lakini wengi wanaowahi namna hiyo humeza vidonge vyao na kurudi kazini. Aliyasema kwa upole sana. Heri angenifokea. Kisha akasema mgonjwa anahamishiwa wodini, ndugu mmoja aende dirishani akamfungulie faili.

Nikasimama. Ni mazoea tu. Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye kaka mkubwa, mimi ndiye wa kusimama madirishani: nilimwandikisha shule, nilimsimamia kupata leseni yake ya ufundi, hata siku anaoa mimi ndiye niliyejaza karatasi. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni, nimeshatoa kitambulisho, nimepiga hatua mbili kuelekea dirishani. Mke wa mdogo wangu akaja akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa makavu na hakupaza sauti.

"Wewe kaa, shemeji," akasema. "Mume wangu nitamwandikisha mwenyewe. Kwa jina lake."